Programu huria: Mwongozo wageuka suala la sheria

Kwa muda mrefu miongozo ya programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuubadili na kuugawa, imekuwa kazi ya mwisho kukumbukwa. Sasa Umoja wa Ulaya umeliingiza suala hilo katika sheria. Sheria yake kuhusu usalama wa bidhaa za kidijitali, iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 10 Disemba 2024 na ambayo masharti yake makuu yamepangwa kutumika kuanzia tarehe 11 Disemba 2027, inamtaka mtengenezaji aambatanishe maelezo ya matumizi salama, tena katika lugha ambayo watumiaji wataielewa kwa urahisi.

Wanaoandika programu kwa kujitolea, pasipo biashara, wamesamehewa. Taasisi zinazosimamia programu huria zimewekewa masharti mepesi. Lakini mfanyabiashara anayechukua kazi ya wanaojitolea na kuiingiza katika bidhaa yake hana pa kukimbilia. Atapaswa kujiridhisha kuhusu alichokichukua.

Kwa nini karatasi za maelezo zishughulishe wabunge? Jibu moja lilipatikana Januari 2017. Wavamizi wa kompyuta walipita wakifuta maelfu ya hifadhidata zilizoendeshwa kwa programu ya MongoDB, ambayo wakati huo ilikuwa bado chini ya leseni huria, kisha wakaacha ujumbe wa kudai fedha. Hawakuvunja kufuli lolote. Matoleo ya zamani ya programu hiyo, yakiwekwa kwenye seva jinsi yalivyo, yaliweza kupokea wageni kutoka popote bila kuwauliza neno la siri.

Mwongozo haukuwa kimya. Sura ya usalama ilikuwepo, na wenye programu waliwaelekeza walioathirika waisome. Utetezi huo ulikuwa wa kweli, lakini haukutosha. Sisi tuliozeekea kwenye meza za uhariri tunafahamu kwamba linalosomwa ni lile la ukurasa wa kwanza. La ukurasa wa 40 limeandikwa kwa ajili ya mwanasheria. Miongozo mingi ya seva huanza na sehemu ya "anza haraka", inayomfikisha mtu kwenye mfumo unaofanya kazi kwa dakika chache, na mfumo ukishafanya kazi, nani atarudi kusoma habari za milango? Mwishoni mwa mwaka 2017 toleo la 3.6 la MongoDB lilitoka likiwa limefungiwa ndani ya kompyuta yake lenyewe hadi msimamizi aamue kulifungua. Kilichokuwa onyo katika mwongozo kikawa tabia ya programu yenyewe.

Mkasa wa Log4j wa Disemba 2021 ulikuwa wa namna nyingine. Maktaba hiyo ya msimbo, inayotumiwa na programu za Java kuandika kumbukumbu za matukio, ilikuwa na uwezo wa kufuata anwani iliyomo ndani ya maneno inayoyaandika. Mvamizi alihitaji kutuma mstari mmoja tu ili seva iende kuchota msimbo wake na kuuendesha. Uwezo huo uliongezwa mwaka 2013 na ulielezwa waziwazi katika mwongozo kama huduma. Hatari ilianikwa juani miaka minane.

Hapa ndipo tofauti kati ya kueleza na kuonya inapojitokeza. Mtunga programu hueleza kile chombo kinachoweza kufanya. Kueleza kile ambacho adui anaweza kukifanyia chombo hicho ni kazi ya mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo hayupo, kwa kuwa hakuna anayemlipa. Wakati kasoro ya Heartbleed ilipogundulika katika OpenSSL, Aprili 2014, ilidhihirika kwamba mradi huo, uliokuwa ukilinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, ulikuwa ukipata michango ya takriban dola 2,000 tu kwa mwaka. Ikiwa msimbo wenyewe ulikosa mlezi, mwongozo ungempata wapi?

Afrika Mashariki haiko mbali na habari hizi. OpenMRS, mfumo huria wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ulianza kutumika mwaka 2006 huko Eldoret, Kenya, katika mpango wa matibabu ya Ukimwi. Mfumo huo hausimami peke yake. Chini yake pana Java na hifadhidata ya MySQL, na kila kimoja kina mwongozo wake wa Kiingereza. Anayeuelewa nusu nusu ndiye anayeshika siri za wagonjwa.

Juhudi za Kiswahili zilikuwepo. Mwaka 2004 mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kupongezwa, lakini haikugusa seva. Mwongozo wa lugha ya PHP, inayoendesha tovuti zisizohesabika, unasomeka kwa Kijapani na Kituruki, si kwa Kiswahili. Msamiati si kikwazo kikuu. Maneno huundwa yanapohitajika. Kikwazo ni kwamba programu hubadilika kila baada ya miezi michache, na tafsiri iliyoachwa nyuma ya toleo jipya humdanganya msomaji kwa lugha yake mwenyewe.

Sharti la lugha la Umoja wa Ulaya litamnufaisha Mgiriki na Mpolandi. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi za Kenya, ya mwaka 2019, na Tanzania, ya mwaka 2022, zinamkabili zaidi anayetunza taarifa, yaani hospitali au benki. Kutafsiri kila kitu hakuwezekani. Kurasa chache za kuweka programu na kufunga milango yake, zikiwa na mtu anayelipwa kuzifuatilia toleo baada ya toleo, ni mzigo ambao wizara moja ya afya ingeweza kuubeba.