Nyumba ya Buibui ni Dhamana

Buibui nimtajaye leo si lile vazi la mama zetu. Ni tarantula, yule mkubwa mwenye manyoya, ambaye siku hizi wako vijana wamfugao majumbani. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni ile nyumba wampayo: kioo kirefu mfano wa tangi la samaki. Humpendeza mtazamaji, bali mwenye kukaa ndani chaweza kumwua.

Mtwae huyu wa kwetu Kenya na Tanzania, mwenye rangi ya kutu, ambaye wataalamu humwita Pelinobius muticus. Maisha yake ni shimoni. Akiparamia kioo akaanguka, tumbo lake laini huweza kupasuka. Basi apewe udongo mkavu ulioshindiliwa, kina cha sentimita 30 hivi, na juu yake nafasi ndogo tu. Maji yawe katika kisahani. Nyenje asiyeliwa atolewe, maana buibui ajivuapo gamba hata nyenje humtafuna. Dawa ya mbu isipulizwe chumbani humo. Na kifuniko kikazwe, chenye matundu madogo ya hewa. Hiyo ni haki ya watu wa nyumbani, kwani akichokozwa huuma, na uchungu wake si haba.

Wako watakaosema, "Mdudu tu!" Nami nawauliza: nani kati yetu asiyeijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia hata akafa, asimlishe wala asimwachie ajitafutie? Mfungwa ni mfungwa. Jike la tarantula huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Asiyeiweza dhamana hiyo, na amwache shimoni mwake.