Uuze Mwenyewe au Utoe Leseni?

Leo naweka msimbo kando kidogo ili tuzungumze pesa. Kuna swali ambalo kila mbunifu hulifikia siku moja, awe ni fundi wa jua kali pale Kamukunji au kijana anayeandika programu usiku kucha chumbani mwake. Kitu kimeshakamilika na kinafanya kazi. Je, nikiuze mwenyewe, au niipe kampuni kubwa leseni ikiuze yenyewe na kunilipa mrabaha?

Ushauri unaosikika mitaani ni wa aina mbili. Wa kwanza: "Usimpe mtu, hao matajiri watakunyonya." Wa pili: "Wewe ni mbunifu, biashara huijui. Chukua mrabaha wako ukalale." Mimi sikubaliani na wowote kati yao. Maoni yangu ni haya: anza kwa kuuza mwenyewe, hata kama ni kidogo tu. Halafu ukitoa leseni, usitoe kila kitu kwa mkono mmoja.

Kabla ya kuendelea, tuelewane maneno. Ukiuza haki zako zote, umeachana nazo kama mtu aliyeuza shamba. Ukitoa leseni, shamba bado ni lako, umelikodisha tu. Na hata kukodisha kuna namna mbili: leseni ya kipekee, ambapo mpangaji ni mmoja peke yake, na leseni isiyo ya kipekee, ambapo unaweza kuwakodishia wengine pia.

Sasa tupige hesabu. Tuseme umebuni kifaa kinachokutumia ujumbe wa simu tangi la maji linapokaribia kuisha. Mwenyewe unakiuza shilingi 5,000. Ukitoa gharama za vipuri, usafiri, kodi ya chumba na vile vinavyorudishwa vikiwa vimeharibika, unabaki na faida ya shilingi 1,000 kwa kila kifaa. Kampuni nayo inataka kukiuza kwa maduka kwa shilingi 4,000 na kukulipa mrabaha wa asilimia 5. Hizo ni shilingi 200. Ina maana kwamba kampuni lazima iuze vifaa vitano ili wewe upate pesa sawa na kifaa kimoja ulichouza mwenyewe.

Kwa hivyo usiulize kama asilimia 5 ni kubwa au ni ndogo. Uliza: je, kampuni hii inaweza kuuza zaidi ya mara tano ya ninavyouza mimi? Kama wewe unauza 200 kwa mwaka na wao wana maduka kutoka Mombasa hadi Kisumu, basi leseni ni jambo zuri na utalala ukiwa umeshiba. Kama hawana hata mtu mmoja wa kukizungusha sokoni, mrabaha huo ni wa karatasi tu.

Lakini hiyo shilingi 1,000 uliijuaje? Uliijua kwa kuuza. Mtu ambaye hajauza hata kimoja huingia mazungumzoni akiwa kipofu, na anayekaa upande wa pili wa meza ana macho mawili. Ndiyo maana nasema uza kwanza. Vifaa 50 ulivyouza mwenyewe vitakupa bei, vitakuonyesha kasoro, na vitakupa kitu kikubwa zaidi, yaani uwezo wa kusema hapana na kuondoka.

Tazama mambo yalivyomwendea James Dyson wa Uingereza. Alitengeneza vielelezo 5,127 kabla ya kuridhika na mashine yake ya kufyonza vumbi isiyotumia mfuko. Akawapelekea watengenezaji wakubwa, wakamkataa. Kampuni moja ya Japani ikachukua leseni, na kuanzia mwaka wa 1986 mashine hiyo ikauzwa huko kwa jina la G-Force. Pesa za Japani zikamsaidia kufungua kampuni yake mwenyewe mwaka wa 1991, na mwaka wa 1993 akatoa DC01 kwa jina lake. Leseni ya soko moja ilimpa mtaji wa kuuza katika soko jingine. Angekuwa ameuza dunia nzima kwa mkataba mmoja, angebaki na nini?

Upande wa programu, mfano ni ule tunaoujua sote. Mwezi wa Julai 1981, Microsoft ilinunua haki za mfumo ulioitwa 86-DOS kutoka kwa Seattle Computer Products kwa dola 50,000. Kisha ikaupa IBM mfumo huo kwa leseni, lakini ikajiachia haki ya kuwauzia watengenezaji wengine wa tarakilishi. Kampuni zilizoiga mashine ya IBM zilipofurika sokoni, zote zilihitaji mfumo uleule. Kitu kilikuwa kimoja na mikataba ilikuwa miwili. Anayekumbukwa leo ni yule aliyesoma vizuri neno "kipekee".

Hata hapa kwetu somo lipo. M-Pesa ilianza Machi 2007, na Wakenya tukaizoea kama yetu. Lakini kwa miaka mingi mwenye mfumo alikuwa Vodafone ya Uingereza, na Safaricom ilikuwa ikiilipa kwa ajili ya kuutumia. Ni mwaka wa 2020 ndipo Safaricom na Vodacom ya Afrika Kusini zilipokamilisha ununuzi wa jina na mfumo huo kutoka kwa Vodafone. Sisemi kulikuwa na ubaya wowote katika mpango huo. Nasema tu kwamba kazi ya kila siku, ya mawakala na wateja, ilifanyika hapa, na mwenye mali akaendelea kulipwa akiwa mbali. Hiyo ndiyo nguvu ya leseni ikiwa wewe ndiwe mwenye mali.

Kuna wale watakaosema, "Basi nitang'ang'ana mwenyewe hadi mwisho." Wamfikirie Robert Kearns wa Marekani, aliyebuni waipa za gari zinazopumzika kati ya mpigo na mpigo. Alitaka kuzitengeneza mwenyewe. Kampuni za magari zikaanza kutumia waipa kama hizo bila kumlipa. Aliishtaki Ford mwaka wa 1978, na malipo ya dola milioni 10.2 yakafikiwa mwaka wa 1990. Alishinda, ndiyo, lakini hesabu miaka: ni 12. Kufikia hapo hataza yake ya kwanza ilikuwa imeshapitwa na muda. Hataza haikimbizani na mwizi. Inakupa tu haki ya kumfikisha mahakamani, kwa gharama yako.

Hii ndiyo sababu aina ya kitu chako ni muhimu. Kama ni kitu ambacho fundi yeyote anaweza kukiiga kwa kukiangalia tu, leseni itakusumbua. Jiko la kauri tulilonalo majumbani lilienea kuanzia miaka ya 1980 kwa sababu mafundi wengi walilitengeneza, kila mmoja kwenye kibanda chake. Ungekusanyaje mrabaha kibanda baada ya kibanda? Kitu kama hicho ni afadhali ukiuze mwenyewe, kwa jina linaloaminika na ubora usiobadilika. Lakini kama kitu chako ni sehemu ndogo ndani ya mashine kubwa ya mtu mwingine, huwezi kujenga kiwanda cha mashine nzima. Hapo leseni ndiyo njia.

Tahadhari moja: kuuza kwanza kusikufanye usahau kujilinda. Peleka ombi la hataza KIPI kabla ya kuanza kuuza hadharani, kwa sababu nchi nyingi hukataa uvumbuzi ambao umeshaonekana na watu. Hataza hapa Kenya ni ya miaka 20 tangu tarehe ya ombi, na hailindi nje ya mipaka. Una miezi 12 ya kuomba katika nchi nyingine ukitumia tarehe ya ombi lako la kwanza.

Nanyi waandishi wa programu, sikilizeni kwa makini. Programu hulindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kama kazi ya fasihi. Lakini ukiagizwa na mteja umwandikie programu, hakimiliki huhamia kwake isipokuwa mmekubaliana vingine. Unaweza kudhani umetoa leseni kumbe umeshauza shamba! Iandikwe kwenye mkataba, kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo, kwamba haki ni zako na mteja ana leseni ya kutumia.

Na ukifika kwenye leseni yenyewe, shikilia mambo manne. Moja, taja nchi na muda. Mbili, kama wanataka iwe ya kipekee, wakulipe kiasi cha chini kila mwaka, wauze au wasiuze, ili wasiifungie kabatini. Tatu, wasipouza kwa muda mliokubaliana, haki zirudi kwako. Nne, uwe na ruhusa ya kukagua vitabu vyao vya mauzo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la mrabaha wako liko mikononi mwa mtu mwingine.

Kampuni ikikataa yote manne, jua kwamba inataka kununua kwa bei ya kukodisha. Usitie sahihi. Rudi kwa wale wateja wako 50, ukawatafute wengine 50.