Oksijeni kidogo, uhai zaidi? Taratibu jamani

Wadau, juzi nimebishana na mhariri wangu. Alitaka kichwa cha habari kisomeke "Dawa ya ugonjwa wa Leigh yapatikana". Nikakataa. Habari ikatoka ukurasa wa ndani, kimya kimya. Hapa kwangu hakuna mhariri, ngoja niseme.

Ugonjwa wa Leigh huwapata zaidi watoto wachanga. Mitokondria, zile sehemu za seli zinazotumia oksijeni kutengeneza nguvu, hazifanyi kazi sawasawa, na ubongo unaharibika kidogo kidogo. Tiba ya kuuponya hakuna.

Mwaka 2016 Isha Jain, Vamsi Mootha na wenzao huko Boston walichukua panya wenye ugonjwa unaofanana na huo. Katika hewa yetu hii ya kawaida, yenye oksijeni asilimia 21, panya hao hufa wakiwa na siku 60 hivi. Walipowekwa kwenye asilimia 11 wakaishi miezi mingi. Waliopewa asilimia 55 walikufa ndani ya siku chache! Kumbe mitokondria mbovu haziwezi kuitumia oksijeni yote inayoletwa, ile inayobaki inarundikana kwenye ubongo na kudhuru. Sisi tuliozoea kwamba mgonjwa akizidiwa anawekewa oksijeni, hapo kichwa kinauma.

Sasa baada ya habari kutoka, dada mmoja mwenye mtoto anayeugua Leigh akanipigia. "Kaka, nikihamia naye mlimani je?"

Hapo ndipo nilipoona tungemfanya nini kwa kile kichwa cha habari. Asilimia 11 ni sawa na hewa ya mita 4,500 na ushee, karibu na pale Kibo Hut, Kilimanjaro, ambapo wapandaji wenye afya zao wanaumwa kichwa na kutapika. Hakuna anayelea mtoto pale. Tena utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba panya waliopewa asilimia 17, au hewa pungufu kwa saa 10 tu kwa siku, hawakunufaika. Yaani ni usiku na mchana, bila kupumzika.

Nilimwambia asiende, na wala asikatae oksijeni ambayo daktari wa mtoto ameona inahitajika. Panya si mtoto.

Lakini sikubaliani pia na wanaosema tusiandike kabisa. Februari 2025 Jain na wenzake walitangaza dawa ya majaribio, HypoxyStat, inayoifanya hemoglobini iing'ang'anie oksijeni ili isiifikishe yote mwilini. Mlima ndani ya dawa! Panya waliishi zaidi ya mara tatu ya wale wasiotibiwa. Kazi kama hii inahitaji pesa za kuifikisha kwa binadamu kwa usalama, na ugonjwa adimu hauna wateja wengi wa kumvutia mwenye kiwanda. Tusipouandika, nani atausukuma?

Dada yule alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo nisubiri mpaka lini?"

Nikamwambia sijui, dada yangu. Mhariri sijamsimulia simu hiyo.