Kinyongo Humla Mwenyewe

Wako watu wasemao kuwa kusamehe ni kazi ya wanyonge. Kwao shujaa ni yule aliyetendwa ubaya akauweka moyoni kama amana, akingoja siku ya kuulipa. Msomaji, usiwasadiki. Rai hiyo ina sura ya ushujaa, lakini ndani yake mna ugonjwa.

Wazee walinena kuwa hasira ni hasara. Hasara ya nani? Aliyekukosea amelala usingizi, nawe u macho. Yeye alikuumiza mara moja, nawe wajiumiza kila umkumbukapo. Adui akisimama mlangoni, moyo hupiga mbio, mishipa hujikaza na shinikizo la damu hupanda. Adui akiwa katika fikira tu, mwili hufanya yayo hayo. Maandalio haya yafaa kwa hatari ya dakika chache. Yakidumu miezi na miaka, huuchosha moyo na kuondoa raha ya usingizi.

Mwaka 2001 wataalamu wa Chuo cha Hope, nchini Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio lao. Waliwataka watu wamfikirie mtu aliyewakosea, mara kwa kinyongo, mara kwa nia ya kusamehe. Katika kinyongo, mapigo ya moyo na shinikizo la damu vilizidi, na huzuni na hasira pia. Katika kusamehe, walikuwa watulivu zaidi. Mkosaji hakuwapo mle chumbani. Basi ni nani aliyeadhibiwa?

Watauliza, "Je, haki iachwe?" La, hasha! Kusamehe si kumwita mwizi mwaminifu, wala si kurudi chini ya mkono upigao. Anayeonewa na amwambie mzazi, mwalimu au hakimu. Wala mkosaji hana ruhusa ya kumwamuru aliyemuumiza asamehe ili anyamaze. Haki hutafutwa kwa ukweli na subira, na chuki haiongezi kitu katika mizani yake.

Tena, nani atamwita Nelson Mandela mnyonge? Alifungwa miaka 27 huko Afrika Kusini, akatoka mwaka 1990, akawa rais mwaka 1994. Mwaka 1995 alimkaribisha chakula Percy Yutar, mwendesha mashtaka aliyemshitaki katika kesi ya Rivonia. Hata hivyo ukweli haukuzikwa, kwani mwaka uo huo ilipitishwa sheria ya kuunda Tume ya Ukweli na Upatanisho, ili maovu yatajwe hadharani.

Msomaji, huenda liko jina ambalo ukilisikia kifua hukubana. Labda ni la mwenzako wa darasani, labda ni la ndugu yako. Dai haki yako, ikiwa ipo ya kudaiwa. Kisha lifungue fundo hilo, hata kama mwenye jina hakustahili. Moyo unaobanwa ni wako, nawe huna mwingine.