Fidia ya Utumwa Ililipwa, Lakini Alipwa Nani?

Ukishuka Kengeleni, Mombasa, utaiona kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875 kwa watumwa waliokombolewa kutoka majahazini. Watu hupita chini yake kila siku bila ya kuuliza.

Umoja wa Afrika uliufanya mwaka 2025 kuwa wa kudai fidia. Madai yenyewe yaelekezwa Ulaya zaidi, na ni ya haki. Uingereza ilipopiga marufuku utumwa katika makoloni yake mengi, kwa sheria ya 1833, iliwatengea mabwana pauni milioni 20, sehemu kubwa kwa mkopo ambao deni lake lilimalizika mwaka 2015! Mtumwa hakupata hata senti.

Lakini hata hapa pwani fidia ilikwisha kulipwa. Serikali ya kikoloni ilipoufuta utumwa mwaka 1907, waliopokea fedha ni mabwana. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati za ardhi. Mashamba ya minazi yakaandikwa majina ya wakubwa, na wengi wa wale walioipanda minazi hiyo kwa mikono yao wakageuka maskwota.

Ndiyo sababu neno hili ni zito barazani. Mjukuu wa mtumwa hunyamaza, asije akatukanwa kwa asili yake. Mjukuu wa bwana naye husema yeye hakumfunga mtu minyororo. Kweli, hakumfunga. Ila hati ya shamba, kwa baadhi yao, ingali sandukuni.