Mtungi wa Nini kwenye Maji ya Kiunoni?

Video za uzamiaji hufika kwa WhatsApp hadi Lweba, kijiji cha mwambao wa Fizi kwenye Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Mara nyingi hutumwa na ndugu waliopitia kambi ya Nyarugusu, ng'ambo ya ziwa, na ambao sasa wanaishi Marekani au Kanada. Mtu amevaa vazi jeusi la mpira, mtungi uko mgongoni, mapovu yanapanda, kasa anapita taratibu. Anayeitazama ameketi ufukweni, ziwa amelipa mgongo. Anatikisa kichwa: kumbe huko ndiko kuyaona maji, wao wa Lweba wanaoga tu!

Kosa linaanzia hapo. Watu wamekubali kwamba uzuri wa chini ya maji una mlango mmoja, kwamba mlango huo ni mtungi wa hewa, na kwamba ada ya kuingilia hulipwa kwa dola. Wakaongeza la pili: kadiri mtu anavyozama ndivyo anavyofaidi. Ziko bahari ambako maneno hayo yana chembe ya ukweli. Katika Ziwa Tanganyika, na hasa mwambao wa Fizi, mambo ni kinyume.

Tuanze na mfuko. Kozi ya mwanzo ya kuzamia kwa mtungi Zanzibar huchukua siku tatu au nne, na kwa kawaida bei yake ni kati ya dola 400 na 600. Nauli haimo. Mtu wa Lweba atavuka ziwa hadi Kigoma, atapanda basi au treni mpaka Dar es Salaam, kisha boti ya Unguja, na huko kote atakula na kulala kwa pesa yake. Akirudi na cheti chake, anarudi kijijini pasipo na mtungi wala kompresa ya kuujaza. Ile ya fundi wa matairi asiiguse. Hewa yake inaweza kubeba mvuke wa mafuta na moshi wa injini, na sumu ambayo juu ya nchi kavu humuumiza mtu kichwa tu, kwenye kina humzimisha.

Tuseme basi kompresa ipo. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bari 200 unabeba lita 2,400 za hewa. Mtu mtulivu hutumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Akishuka mita 10, mgandamizo unakuwa maradufu na hewa inakwisha maradufu. Akifika mita 20, anatumia kama lita 60 kila dakika. Robo ya mtungi haiguswi, kwa kuwa ni akiba ya dharura. Kinachobaki ni nusu saa. Safari yote ile, dola zote zile, na saa nzima ya kuvaa, kukagua na kubeba vyuma, kwa nusu saa ya kutazama.

Bado hajalipa deni la mwili. Mzamiaji anayevuta hewa iliyogandamizwa huingiza nitrojeni kwenye damu na misuli, na akipanda juu haraka nitrojeni hiyo hutoa viputo kama soda iliyofunguliwa kwa pupa. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 773 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo majedwali ya kawaida ya kuzamia baharini hayatoshi. Kanuni za kuzamia nyanda za juu huanza kutumika kwenye mita 300 tu. Wazamiaji huambiwa pia wangoje saa 12 hadi 18 kabla ya kupanda ndege. Fizi haihitaji ndege. Mtu akitoka majini Lweba akashika njia ya kupanda Minembwe, kwenye vilele vinavyopita mita 2,000, amejirusha mwenyewe bila mabawa. Viputo vikimkamata, tiba yake ni chumba maalumu cha mgandamizo, na vyumba hivyo viko pwani ya Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo.

Anapata nini kwa gharama hiyo? Hapa ndipo imani ya kina inapovunjika shingo.

Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi, na watu hulisifia kina hicho kana kwamba kimejaa hazina. Ukweli ni kwamba oksijeni yake iko juu tu. Upande wa kaskazini, ukipita takriban mita 100, maji hayana hewa ya kuwatosha samaki. Chini ya hapo ni giza. Ndakala, lumbu, mukeke na sangala, wote hujazana katika tabaka hilo la juu.

Samaki wa mawe ndio warembo wenyewe: jamii ya siklidi, spishi zaidi ya 200, na karibu zote hazipatikani kwingine kokote duniani. Mashuhuri miongoni mwao, wale ambao wafugaji wa Ujerumani na Marekani huwaita Tropheus, hula mwani unaoota juu ya mawe. Mwani hutaka jua, na jua liko juu. Ndiyo maana samaki hao huishi kwenye mita chache za kwanza, mara nyingi mahali ambapo mtu mzima akisimama maji yanamfika kifuani. Hawapendi kuvuka mchanga wala kina, hivyo kila kipande cha mwambao wa mawe kimezaa rangi yake. Wale wa kijiji cha Bemba wana mshipi wa rangi ya chungwa. Wale wa Kiriza, katika rasi ya Ubwari inayotazamana na mji wa Baraka, wana umanjano upande wa nyuma. Majina ya vijiji hivyo yameandikwa kwenye vioo vya maduka ya samaki Ulaya, ilhali mtoto wa kijiji chenyewe pengine hajawahi kuwatazama samaki hao uso kwa uso.

Na rangi yenyewe haishuki na mzamiaji. Maji hula wekundu kwanza, kisha rangi ya chungwa. Kwenye mita 15 mshipi wa Bemba unaonekana kama majivu, mpaka uwashiwe taa. Aliyelipia kina amelipia kuona kidogo.

Wataalamu waliwajua samaki hawa kabla ya mtungi kuwapo. Tropheus moorii aliandikwa kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1898. Wafaransa Cousteau na Gagnan walitengeneza kifaa chao cha kupumulia majini mwaka 1943. Hata baada ya hapo, msafara wa Wabelgiji wa 1946 na 1947, ambao mtaalamu wa samaki Max Poll alikuwamo, ulikusanya samaki wa ziwa zima kwa nyavu.

Atakayepinga atautaja utamu wa kuelea bila uzito na kupumua katikati ya samaki. Utamu huo upo, na aliyeuonja kwenye kuta za matumbawe za Pemba hadanganyi. Lakini hata Zanzibar kwenyewe kuna Chumbe, hifadhi ya matumbawe tangu 1994, yenye spishi zaidi ya 400 za samaki. Mgeni wa Chumbe haruhusiwi mtungi. Anapewa miwani ya maji na mrija, anaelea juu juu, na anaondoka ameridhika. Kama bustani ya matumbawe yenye sifa kubwa kiasi hicho inatazamwa kwa mrija, mawe ya Ubwari yana kiburi gani?

Mwingine atataja hatari, na hapo ana haki yake. Kichocho kipo, nacho hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Mamba na kiboko wapo karibu na midomo ya mito. Kipindupindu hurudi Fizi na Uvira kila mara, kwa hiyo maji ya karibu na makazi si ya kumeza. Sasa mtungi unazuia lipi katika hayo? Kinachozuia ni kuchagua mahali: mawe yanayopigwa na mawimbi, mbali na mito na vyoo, na mvuvi mzee wa eneo hilo akiwa ameulizwa kwanza.

Mtungi una kazi yake, na neno ni hilo: kazi. Pierre Brichard, Mbelgiji aliyesafirisha samaki wa mapambo kutoka Bujumbura tangu miaka ya 1970, alihitaji wazamiaji kwa kuwa samaki wale walikuwa biashara. Mtafiti anauhitaji, na mwokoaji anauhitaji, kama fundi anavyohitaji msumeno. Kuugeuza kipimo cha starehe, halafu kujiona maskini kwa kuukosa, ni kujidhulumu.

Kuna sehemu moja ya kozi ile ambayo Lweba ingepaswa kuionea wivu, nayo haionekani kwenye video. Kabla ya kupewa cheti, mwanafunzi huogelea mita 200 bila kifaa chochote na kuelea dakika 10. Desemba 2014 meli ya Mutambala ilipinduka katika ziwa hili hili, upande wa Kalemie, na zaidi ya watu 100 wakafa. Maboti yanaendelea kupakia watu, magunia na mafuta, na wengi wanaopanda hawajui kuogelea, ingawa wamezaliwa wakisikia mawimbi.

Miwani ya maji ya mkono wa pili, mrija, na kijana mmoja anayejua kuogelea vinatosha kuanza. Watoto wafundishwe asubuhi, kabla ya upepo kuchafua maji, kwanza kuelea, kisha mita 200 sambamba na ufuko. Atakayemaliza apelekwe kwenye mawe, atie uso majini.