FUNDI ASICHEKWE



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja aliacha kazi ku garaje ya mjomba wake. Kila siku ya posho alitumika pale, na feza alizopata zilimlipia minervale. Lakini alipoingia darasani na kucha nyeusi tulimwita «Bwana Mafuta». Alisikia haya, akaacha. Leo anakaa nyumbani, minervale haijalipwa. Sisi wakubwa wa darasa la sita tulicheka pamoja na wengine. Kosa ni letu.

Wengi wenu munapenda mbio za motokari. Basi musikie habari za Joginder Singh. Alizaliwa Kericho, mu Kenya, mwaka 1932, na jamaa yake ilitoka Uhindi. Mbele ya kujulikana alikuwa fundi tu, ndani ya garaje ya baba yake Nairobi. Mwaka 1959 aliingia mara ya kwanza mu Safari, zile mbio za Afrika ya Mashariki ambamo matope na vumbi vilivunja motokari nyingi njiani. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda na Volvo iliyokuwa imekwisha kukimbia Safari ya mwaka wa nyuma. Motokari ya zamani, hapana mupya! Mwaka 1974 alishinda tena na Mitsubishi ndogo, akamwacha nyuma Björn Waldegård mwenye Porsche. Mwaka 1976 akashinda mara ya tatu. Alikufa mwaka 2013.

Sisi tunasema hivi: hakushinda kwa kukanyaga mafuta tu. Alijua mashini. Fundi anasikia sauti mbaya mapema, anapunguza mwendo, anakaza kilicholegea, na motokari inafika. Mwenye kujua mbio tu anabaki mu mutaro.

Wengine watajibu: «Wazazi walitutuma kusoma tukuwe badokta na baavoka, hapana kulala chini ya kamyo.» Wazazi tunawaheshimu. Lakini wengi wa babu zetu walilea hao wazazi na mshahara wa karakana za Gécamines. Likasi yetu imesimama juu ya mikono ya namna ile. Na fizike tunayosoma hapa, si ndiyo kazi ya fundi iliyoandikwa ubaoni?

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. La kwanza, lile jina lisisikike tena, hata kwa muchezo. La pili, kila mtu wa darasa la sita alete kidogo alicho nacho, tumsaidie mwenzetu kulipa. Siku ya posho, saa nane, sisi wasimamizi tutaenda kwao kumwomba masamaha. Mwenye kutaka kuja, aje.

Na akitaka kurudi ku garaje, arudi. Asifiche mikono yake kwa ajili yetu.

Wasimamizi wa wanafunzi, darasa la sita